Shilingi Mia za Mtoto

Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa haulizwi baba yake ni nani. Lakini Dar es Salaam haikujengwa na wenye ndoa peke yao. Tangu Kariakoo ilipoanza kujaa watu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikiwa imepata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo, wamekuwapo wasichana waliobeba mimba na wanaume waliohama mtaa usiku. Swali ni lilelile: mtoto huyu atalelewa na nani, na kwa fedha ya nani?

Serikali ya kikoloni ilijibu mwaka 1949 kwa sheria ya matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Mama asiye na mume aliweza kumshtaki mwanamume, naye hakimu, akiridhika kuwa huyo ndiye baba, alimwamuru alipe kiasi kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi. Hizo hazikuwa fedha za kubeza. Hata mwaka 1963 kima cha chini cha mshahara mjini kilikuwa shilingi 150.

Kisha bei zilipanda, na ukomo ule ukabaki palepale. Kufikia miaka ya 1990 shilingi 100 ilikuwa sarafu ya kuchezea mfukoni, isiyoweza kumnunulia mtoto maziwa ya siku mbili, sembuse ya mwezi. Sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ni miaka 60.

Uingereza, ilikotoka fikra ya sheria hiyo, iliondoa ukomo wa namna hiyo mwaka 1968. Tena, baada ya vita vya 1939 hadi 1945, halmashauri zake ziliendesha vituo vya kulelea watoto mchana, na mama wasio na waume walikuwa miongoni mwa waliofikiriwa kwanza. Hata hivyo tusiwaonee wivu mama hao. Taarifa ya kamati ya Bunge lao ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba kati ya 1949 na 1976 watoto 185,000 wa mama wasioolewa katika England na Wales waliasiliwa na familia nyingine. Wengi wa mama hao walishinikizwa kuwatoa.

Kwetu Kariakoo mtoto alibaki nyumbani. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ulioundwa mwaka 1962, ulisaidia kuanzisha vituo vya watoto, na mwaka 1981 ikatungwa sheria ya kuvisimamia vituo vya namna hiyo. Lakini kituo kikubwa kuliko vyote kilikuwa uani. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo nyuma, haikuhitaji usajili. Mama alitoka alfajiri na sinia la vitumbua, mtoto akabaki kwa bibi, au kwa mwenye nyumba, au kwa mpangaji wa chumba cha pili. Chungu kilichokuwa motoni ndicho alichokula.

Jambo hilo tunalisifu na kuliita utu, na utu ni kweli ulikuwapo. Ila mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sheria iliweza kulala miaka 60 kwa sababu kulikuwa na mtu aliyejazia pengo, na mtu huyo alikuwa mwanamke mzee mwenye khanga iliyochakaa. Alichotoa hakikuandikwa katika jalada lolote la mahakama. Baba aliyelipa shilingi 100 alihesabiwa ametimiza wajibu. Bibi aliyelipa kilichobaki alihesabiwa ana moyo mzuri.

Sheria ya 2009 inamtaka hakimu atazame kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Ni maneno machache, na bibi yeyote wa Mtaa wa Sikukuu angeweza kuyasema mwaka 1950, maana yeye ndiye aliyejua bei ya maziwa ya kila asubuhi.