Uvimbe wa Ubongo katika Historia ya Dimensia

Mwaka 1822 Antoine Laurent Bayle, daktari kijana aliyefanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Charenton karibu na Paris, alieleza katika tasnifu yake kwamba baadhi ya wagonjwa waliopooza polepole huku wakipotewa na akili walikutwa, maiti zao zilipopasuliwa, na uvimbe sugu katika tando zinazoufunika ubongo. Huo ulikuwa ushahidi wa mapema na wenye nguvu kwamba dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra, yaweza kutokana na uvimbe, nao ni ule mwitikio wa seli za kinga zinazokusanyika mahali palipodhurika. Ilipofika 1913, Hideyo Noguchi na J. W. Moore wa New York walionyesha bakteria wa kaswende ndani ya bongo za wagonjwa wa aina hiyo. Baadaye penisilini ikaufanya ugonjwa huo uliojaza hospitali za Ulaya kuwa nadra.

Alois Alzheimer aliujua uvimbe huo vizuri, kwani mwaka 1904 alichapisha uchunguzi mrefu wa hadubini wa kuupambanua ugonjwa wa kaswende ya ubongo na magonjwa mengine ya akili. Miaka miwili baadaye alipoeleza ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa na umri wa miaka 55, kilichovuta macho ni nyuzi zilizosokotana ndani ya seli za neva na mabaka yaliyotapakaa kati yake. Yaelekea umaarufu wa alama hizo mbili ndio uliowafanya watafiti wauweke uvimbe kando kwa miongo mingi, hata baada ya Pío del Río-Hortega wa Madrid kuzitambulisha mwaka 1919 seli za mikroglia, ambazo ndizo walinzi wa ubongo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Patrick na Edith McGeer wa Vancouver walionyesha mikroglia zilizoamshwa zikiyazunguka mabaka hayo, na kwa kuwa watu waliotumia dawa za baridi yabisi, ambazo hupunguza uvimbe, kwa muda mrefu walionekana kuugua kwa nadra ugonjwa uliopewa jina la Alzheimer, matumaini yalikuwa makubwa. Hata hivyo, majaribio ya dawa za kupunguza uvimbe kwa wazee, naproksini na selekoksibu zikiwamo, hayakuonyesha kinga iliyotarajiwa. Mwaka 2013 ikabainika kwamba mabadiliko adimu katika jeni ya TREM2, ambayo huziongoza mikroglia, huongeza hatari ya Alzheimer takriban mara tatu, na kwa kuwa mabadiliko hayo huzidhoofisha seli hizo badala ya kuzichochea, watafiti walilazimika kutenganisha uvimbe unaoharibu neva na ule unaosafisha mabaka.