Ubundu, mahali pa kutua mzigo



Mwenye kufika Lubunga asubuhi, ng'ambo ya kushoto ya mto wetu, huwakuta wanaume wanaosukuma baiskeli zilizosheheni bidoni za mafuta ya mawese, magunia ya mchele na mikungu ya ndizi. Ukiwauliza watokako, wengi hujibu kwa maneno mawili: njia ya Ubundu. Kwa wengi wetu tunaokaa Kisangani, habari ya Ubundu inaishia hapo. Tunakula vinavyotoka huko, lakini historia ya mji huo mdogo hatuijui. Leo twapenda tuitazame pamoja nanyi, kwa sababu ni historia yetu pia, na kwa sababu ukurasa wake mmoja haujasomwa vya kutosha katika vikundi vyetu.

Tuanze na mto wenyewe, kwa maana ndio uliouzaa mji. Lualaba hutoka katika nyanda za juu za Katanga, hushuka kuelekea kaskazini, hupita Kongolo na Kindu, na kufika Ubundu ukiwa mpana na mtulivu. Hapo hukutana na miamba. Toka Ubundu hadi Kisangani kuna maporomoko saba, yaitwayo Boyoma, yaliyotawanyika katika mwendo wa kilometa 100 hivi, na katika mwendo huo maji hushuka mita 60 hivi. Waenya, ambao wageni waliwaita Wagenia, walijifunza kuishi na maji hayo makali na kuvua samaki ndani yake. Lakini kwa msafiri mwenye chombo kizito, neno lilikuwa moja: telemka, tua mzigo, na utafute miguu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Henry Morton Stanley mnamo Januari 1877. Watu wake walilazimika kuburuta mitumbwi yao msituni, kuyazunguka maporomoko moja baada ya jingine, huku wenyeji wakiwapinga. Nyuma yake wakaja wafanyabiashara wa pwani na watu wao, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1887 mkubwa wao, Hamed bin Muhammed, ajulikanaye kama Tippu Tip, alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls chini ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Kwa njia hiyo lugha tunayoiandika hapa ilishuka na mto na kukaa kwetu. Tukumbuke ya kwamba ilitufikia ikiwa imebebwa na watu huru na watu waliofungwa minyororo. Tunaimba na kusali kwa lugha hiyo, nasi hatuna budi kujua njia iliyopitia.

Miaka michache baadaye Dola ya Leopold ikapigana na mabwana hao wa pwani. Katika vita hivyo alikufa ofisa mmoja Mbelgiji, Pierre Ponthier, mwaka 1893. Kituo kilichokuwa juu ya maporomoko kikapewa jina lake, kikaitwa Ponthierville, hadi baada ya uhuru mji uliporudia jina la Ubundu. Wakati huohuo, katika mwaka 1897, Padre Gabriel Grison wa Shirika la Moyo Mtakatifu wa Yesu alifika karibu na maporomoko ya chini akaanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli, ambayo ndiyo chimbuko la Kanisa letu la Kisangani.

Mizigo iliyoshindwa na mto ilibebwa na vichwa vya watu. Zilikuwa siku za mpira na za kazi ya shuruti, na mpagazi hakuulizwa kama anapenda. Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli ya Kongo ya juu na Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi CFL. Ujenzi ulianza mwaka 1903, na mwaka 1906 reli ya kilometa 125 ilikuwa imeunganisha Stanleyville na Ponthierville. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kuhesabu vituo vya safari ile: meli kutoka Kinshasa hadi Kisangani, treni hadi Ubundu, meli tena hadi Kindu, na treni nyingine kuelekea kusini. Hatukufundishwa kuwahesabu watu waliokata msitu na kulaza vyuma. Mji ulichukua jina la ofisa. Wao waliacha tuta la reli, nalo lipo hata leo.

Kwa miaka mingi Ubundu iliishi kwa kazi moja, yaani kupokea na kupokeza. Kila kitu kilichotoka Kindu kilitua gatini pale, kikahesabiwa, kikapakiwa kwenye mabehewa. Mwaka 1951 walifika hata wacheza sinema wa mbali, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, wakapiga picha za filamu ya « The African Queen » kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville. Baadaye zikaja vita za miaka ya sitini, kisha miaka ya uchakavu. Treni ikawa inapita kwa nadra, na majani yakapanda juu ya reli. Mzigo ukarudi kwa mwanadamu, mara hii kwenye baiskeli.

Sasa tufike kwenye ukurasa tuliousema. Mwishoni mwa mwaka 1996 kambi za wakimbizi wa Rwanda huko Kivu zilivunjwa kwa vita. Mamia ya maelfu walirudi kwao, wengine wengi wakakimbilia magharibi kwa miguu. Walikuwa watu wa milimani, waliozoea baridi na mashamba ya viazi. Sasa walitembea katika msitu wetu wenye joto na malaria. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wameshiriki katika mauaji ya halaiki ya mwaka 1994. Walikuwamo pia, na kwa wingi, akina mama, wazee na watoto ambao hawakumwua mtu. Toka Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, walifika Ubundu katika mwezi Machi 1997. Wakauvuka mto kwa mitumbwi, na wengine wakazama. Kisha wakaifuata reli kuja Kisangani, mji ambao waasi wa AFDL walikuwa wameuteka tarehe 15 Machi. Hawakuruhusiwa kuingia. Watu wapatao 80,000 wakakaa kando ya reli, huko Kasese na Biaro.

Mnamo Aprili kambi hizo zilishambuliwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inaeleza mauaji yaliyofanywa huko na askari wa AFDL pamoja na wa jeshi la Rwanda, huku mashirika ya msaada yakiwa yamezuiwa kuingia. Inataja pia wakazi wa vijiji jirani waliochochewa, wakashika mapanga. Hilo ndilo jambo gumu kulisema hapa kwetu. Waliosalimika walikusanywa ili wapelekwe Kisangani na kurudishwa Rwanda kwa ndege. Walisafirishwa kwa reli ileile. Tarehe 4 Mei 1997 treni iliyotoka Biaro ilijazwa kupita kiasi, na ilipofika, watu 91 walikuwa wamekufa ndani ya mabehewa kwa kukosa hewa na kukanyagana.

Tulikuwa vijana wakati ule, wenye umri kama wenu. Tulisikia habari zile ng'ambo ya mto, tukazungumza kwa sauti ya chini, kisha tukanyamaza. Tulikuwa na sababu: tuliogopa bunduki, na wengi wetu tuliwaona wale kama wageni walioleta vita nyumbani kwetu. Lakini hofu ilipokwisha, kimya kilibaki. Tunakiri mbele yenu kwamba hilo ni kosa letu, sisi tuliopewa kazi ya kufundisha. Tumefundisha mara nyingi mfano wa Msamaria mwema, tukiiweka njia yake mbali, kati ya Yerusalemu na Yeriko, wakati tulikuwa na njia yetu ya kilometa 125.

Haki inadai tuseme pia kwamba wapo waliotenda vingine. Wapo watu wa kwetu waliotoa mihogo yao, na wapo waliochukua watoto yatima wakawalea pamoja na wao. Watoto hao leo ni watu wazima. Pengine mmoja amekaa nanyi katika benchi moja.

Tunawaomba, basi, jambo moja. Kabla ya tarehe 4 Mei ijayo, kila kikundi kimtafute mzee mmoja aliyeishi kando ya reli, kimsikilize bila kumhukumu, na kuyaandika anayoyakumbuka. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Na tarehe hiyo tuwaombee wale 91 ambao hatuwezi kuwataja kwa majina. Ubundu ilikuwa mahali ambapo wasafiri walitua mzigo ili wengine waupokee. Mzigo huu wa kumbukumbu tumeubeba peke yetu kwa muda mrefu, na vichwa vyetu vinaota mvi. Tupokeeni.