Maneno mawili ya Kiingereza, na dozi ya mdogo wetu

Najua nimepotea, zamu za usiku zimenibana.

Mwaka wangu wa kwanza huku Uingereza, mzee mmoja wodini aliniambia kwamba marehemu baba yake alikuwa "a man of substance". Mimi nikampa pole! Kazini nilishazoea kusikia "substance misuse", yaani matumizi ya dawa za kulevya, nikadhani marehemu alikuwa teja. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kumbe alimaanisha mtu mwenye mali na heshima zake.

Tangu siku ile nikaanza kulifuatilia neno hilo. Asili yake ni Kilatini: "sub" ni chini, "stare" ni kusimama. Ni kile kinachosimama chini ya kitu na kukibeba, kama msingi wa nyumba. Waingereza walilipata kupitia Kifaransa, yapata mwaka 1300. Likaja kumaanisha kiini, mali, hata kitu chochote cha kushikika, ndipo unga nao ukaingia humo.

Ndugu yake ni "substitute", aliyesimamishwa mahali pa mwingine. Sisi tunasema badala, nalo tulilitoa kwa Waarabu. Warumi walikuwa nalo kwenye mirathi: anayeandika wosia alitaja mrithi wa pili, endapo wa kwanza hataweza kurithi. Marekani nao, katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1863 walitunga sheria kwamba aliyeitwa jeshini angeweza kutoa mtu aende badala yake, au alipe dola 300. Mnajua wenyewe ni watu wa aina gani walibaki kwenda.

Sasa nafika kwa mdogo wetu, jina naliacha. Anakunywa methadoni kila asubuhi pale Muhimbili, na kwenye simu nasikia baadhi yenu mkisema amebadilisha sumu kwa sumu. Dawa hiyo ilitengenezwa Ujerumani miaka ya 1930. Mwaka 1965 madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walichapisha matokeo ya kuwatibu nayo watumiaji wa heroini. Muhimbili walianza Februari 2011.

Ni kweli ni ya ukoo mmoja na heroini, sikatai. Lakini heroini inaisha nguvu baada ya saa chache, arosto inarudi, mtu anatoka tena kutafuta, hata kwa kuiba. Dozi moja ya methadoni inamshika siku nzima, na anainywa, hachangii sindano na mtu. Akikosa siku kadhaa mwili unapoteza mazoea, inabidi dozi ishushwe na apandishwe upya. Kwa hiyo msimfungie mlango alfajiri. Nauli ya mwezi huu nimeshamtumia Mama Mdogo.