SEHEMU YA 6: KUKONDA NAKO KUNA HISTORIA

Jamani, tuendelee. Upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kufanya chakula kipite pembeni ya sehemu kubwa ya tumbo, aliuanzisha Dk. Edward Mason kule Iowa, Marekani, 1966. Huko ukipungua unapewa hongera. Huku je?

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera, 1983. Ng'ambo ya mpaka, Waganda wakauita siliimu, kutokana na neno la Kiingereza la wembamba. ARV za bure tulianza kuzipata 2004. Hebu hesabu miaka hiyo yote, tunazika watu waliobaki mifupa. Ndiyo maana mpaka leo ukikonda ghafla, mtaani wanasema umekanyaga waya.

Mama mmoja aliniuliza siku ya kuruhusiwa: "Nesi, mwili huu ukiisha watu nitawaambia nini?" Nikamjibu habari za protini na vitamini! Wala hakuuliza hayo.

Siku hizi nauliza mapema, kabla ya kisu: nyumbani nani anajua? Wakikusema, utawajibu nini? Na kama hutaki wajue, basi. Siri yako haitoki wodini.