Samaki wa Lualaba na historia ya kusikia chini ya maji

Maji ya Lualaba yapitayo Kindu yamejaa matope, na usiku humo ndani jicho halina kazi. Hata hivyo domodomo na jamaa zake, samaki wanaofahamika vyema katika mito ya Kongo, huwinda na kutafutana usiku huohuo.

Siri yao, umeme wa mwilini, iliwashinda wengi. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1859, alikiri kwamba viungo vya umeme vya samaki vilimtatiza. Mwaka 1951, Hans Lissmann wa Cambridge alinasa umeme dhaifu usiokatika ukitoka mkiani mwa Gymnarchus, ndugu wa domodomo. Mwaka 1958, yeye na Kenneth Machin walieleza jinsi samaki huyo alivyotumia umeme huo kutofautisha vyungu vinavyofanana kwa nje, kimoja kikiwa na maji tu, kingine kikiwa na kijiti cha kioo ndani.

Lakini umeme si njia pekee ya kujua njia bila macho; sauti nayo hufaa. Mwaka 1961 nchini Marekani, Kenneth Norris na wenzake waliripoti kuhusu pomboo aliyezibwa macho akakwepa vizuizi kwa kutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake. Baadaye Norris alieleza kwamba mwangwi huo huingia kupitia mafuta ya taya la chini.

Domodomo naye ana sikio la ajabu. Nyama ya samaki inakaribiana na maji kwa msongamano, hivyo sauti hupenya mwilini bila kizuizi. Lakini katika ukoo huu, sehemu ya kifuko cha hewa hujitenga samaki akiwa mchanga, ikabaki kipovu kilichogusana na sikio. Sauti ikifika, hewa hiyo hubanwa na kutanuka, na mtikisiko wake ndio unaosikika.

Mwaka 1986, John Crawford, Mary Hagedorn na Carl Hopkins walieleza sauti za Pollimyrus, jenasi ya ukoo huohuo: usiku dume huguna na kukoroma akimbembeleza jike.

Sehemu kubwa ya maarifa haya imetoka kwenye matangi ya maabara za ng'ambo. Kindu ina mto wenyewe, ina chuo kikuu, na ina wavuvi wanaojua samaki gani hupita wapi na saa ngapi. Vinasa sauti vya majini vizamishwe Lualaba, na wavuvi hao wawe walimu wa kwanza wa watafiti.