Kongwa, Karanga na Wageni wa Kusini

Udongo wa Kongwa, katikati ya Tanzania, haubembelezeki. Mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka unakauka na kuwa kama tofali. Wagogo, wenyeji wa huko, walilijua hilo tangu zamani. Waingereza walilijua kwa gharama: mwaka 1947 walikuja na matrekta mengi, mengine masalia ya vita, wakitaka kulima karanga ili kuziba upungufu wa mafuta ya kula kwao. Mibuyu iligoma kung'oka, mvua haikuja, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa na takribani pauni milioni 36 zimekwenda na maji. Yakabaki majengo matupu na reli isiyokuwa na cha kubeba.

Mwaka 1964 mahali hapohapo pakapata wakazi wapya. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeiweka Kamati yake ya Ukombozi Dar es Salaam, na serikali ya Nyerere ikawapa wapigania uhuru eneo la Kongwa. FRELIMO wa Msumbiji wakaja, ANC wa Afrika Kusini wakaja, na SWAPO wa Namibia.

Hawa wa SWAPO ndio ninaowafikiria zaidi, kwa kuwa nchi yao ilikuwa imekaliwa na jeshi la jirani. Afrika Kusini iliiteka kutoka kwa Wajerumani mwaka 1915, ikakabidhiwa na Shirikisho la Mataifa kama mlezi, kisha mlezi akagoma kuondoka. Julai 1966 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliitupa kesi ya Ethiopia na Liberia dhidi ya Afrika Kusini kuhusu utawala huo bila kuamua kiini chake. Mahakama hiyohiyo ilikuja kutamka ukaaji huo ni haramu mwaka 1971, lakini vijana wa Kongwa hawakumsubiri hakimu. Kikundi cha kwanza, watu sita tu, kilikwishaondoka 1965, kikipitia Zambia hadi kaskazini mwa Namibia. Tarehe 26 Agosti 1966 polisi wa Makaburu wakawashukia kwa helikopta kambini Omugulugwombashe. Ndivyo vita vilivyoanza, vikaendelea hadi karibu na uhuru wa Machi 1990.

Tukiusimulia mshikamano huu wa Tanzania na wapigania uhuru, tunapenda kutaja hotuba na mikutano. Mimi naona mzigo mkubwa ulibebwa kwingine. Ugogo ni nchi ya ukame. Njaa huko si hadithi. Kuongeza mamia ya vijana wenye afya katika eneo linalogombania maji si jambo dogo, hata kama chakula chao kina mfadhili. Wala kambini hapakuwa peponi: miaka ya kusubiri ilizaa manung'uniko, wengine wakatoroka, wengine wakagombana na viongozi wao.

Na walikuwa vijana. Walijifunza Kiswahili, wakashuka mjini, wakapenda, wakapendwa. Watoto wakazaliwa. Kisha amri ikaja, lori likaondoka usiku au alfajiri, na aliyeondoka hakuruhusiwa kusema anakokwenda.

Leo Namibia huadhimisha Siku ya Mashujaa kila 26 Agosti. Kongwa kuna makaburi machache ya wale wageni, na kuna watu wazima wanaomtafuta baba. Kazi yao ni ngumu, maana wapiganaji walitumia majina ya vitani, na jina ambalo mama alilikumbuka huenda halimo katika orodha yoyote Windhoek.