Moto wa uani Mbulu na Hanang: Namna ya kuchagua jiko salama la kuota

Na Mwandishi Wetu, Manyara

BARIDI ya miezi ya Juni, Julai na Agosti si jambo la mzaha kwa wakazi wa wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara. Mji wa Mbulu na ule wa Katesh, ulio chini ya Mlima Hanang, yote ipo katika nyanda za juu zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na jua linapozama upepo hugeuka kuwa mkali. Katika saa hizo, moto uliowashwa uani huwa ndiyo sebule ya familia: watoto huota, mahindi huchomwa, wazee husimulia, na mgeni hukaribishwa hapo kabla ya kuingia ndani.

Desturi hiyo si ngeni. Wairaqw, Wadatoga na makabila mengine ya eneo hili wameishi na moto wa mafiga matatu kwa vizazi vingi, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda hadi leo wanajua kupekecha vijiti wakapata moto bila kiberiti. Kilichobadilika ni makazi. Viwanja vya mjini ni vidogo, nyumba zimesogeleana, na moto ambao zamani ulikuwa na uwanja mpana kuuzunguka sasa huwashwa hatua chache kutoka dirisha la jirani. Hivyo basi, anayetaka kuwa na mahali pa kudumu pa kuota moto anapaswa kuchagua kwa makini.

Aina nne zinazopatikana

Ya kwanza ni mafiga ya kawaida, yaani mawe matatu juu ya udongo. Hayana gharama na yanafaa kwa chungu au sufuria. Kasoro yake ni kwamba moto uko wazi pande zote: upepo hupeperusha cheche, kuni huteketea haraka, na mtoto anayejikwaa hana kitu cha kumzuia.

Ya pili ni shimo lililozungushiwa mawe. Shimo lenye kina cha sentimita 30 hivi huukinga moto dhidi ya upepo na hutunza makaa kwa muda mrefu. Chini yake itandazwe kokoto unene wa sentimita 10 ili maji ya mvua yapenye ardhini. Shimo halifai mahali penye udongo unaotuamisha maji, wala kwenye mkondo wa maji ya mvua.

Ya tatu ni mduara wa matofali ya kuchoma, ambao huinuka juu ya ardhi. Huu ndio unaofaa zaidi kwa nyumba yenye watoto, kwa sababu ukuta wake ni mpaka unaoonekana. Kwa mduara wenye upana wa sentimita 90 ndani, mstari mmoja wa matofali yenye urefu wa sentimita 22 utahitaji takriban matofali 14. Mistari minne ni matofali 56 hivi. Iachwe mianya midogo katika mstari wa chini ili hewa ipite, la sivyo moto utatoa moshi mwingi. Udongo wa kichuguu hustahimili joto kuliko saruji ya kawaida, ambayo hupasuka inapopata moto mkali mara kwa mara.

Ya nne ni jiko la chuma linaloweza kuhamishwa. Mafundi wa kuchomelea hutengeneza kwa pipa la lita 200 lililokatwa, au kwa rimu kuukuu ya lori. Faida yake ni kwamba unaweza kulihamisha upepo unapogeuka, na mpangaji huondoka nalo anapohama. Mnunuzi aulize pipa hilo lilibeba nini. Lililokuwa na dawa za kilimo au kemikali lisitumike, na lililokuwa na mafuta lisikatwe kwa moto kabla ya kusafishwa, kwani mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka. Aidha, vyuma vilivyopakwa zinki, kama mabati na ndoo za bati, visitumike, kwa kuwa zinki inapopata joto kali hutoa moshi wenye sumu.

Tahadhari ya mawe

Hanang ni mlima wa volkano, na mawe yapo tele. Hata hivyo, si kila jiwe linafaa kuzungushia moto. Jiwe lililotolewa mtoni au kandokando ya ziwa huwa limefyonza maji. Linapopata joto, maji hayo hugeuka mvuke, hukosa pa kutokea, na jiwe hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande. Mawe yenye vitundu vingi ni ya kuangaliwa zaidi. Ni vyema kuchagua mawe makavu yaliyokaa juani muda mrefu, mbali na maji, na kuyapasha kwa moto mdogo siku za mwanzo huku watu wakikaa mbali.

Mahali pa kuweka

Nchini Marekani, kanuni za zima moto zinazotumika katika majimbo mengi hutaka moto wa wazi wa kuburudika uwe umbali wa mita 7.6 kutoka kwenye jengo, usizidi upana wa sentimita 90, na kuni zisirundikwe zaidi ya sentimita 60 kwenda juu. Kwa jiko la chuma linalohamishika, umbali huo hupungua hadi mita 4.6. Vipimo hivyo ni mwongozo mzuri hata kwetu, ingawa mwenye nyumba ya nyasi, ghala la mahindi au rundo la mabua ya mifugo anapaswa kwenda mbali zaidi.

Msimu wa baridi ndio pia msimu wa kiangazi. Nyasi zimekauka, mabua yamelundikwa uani, na upepo unavuma. Kabla ya kuamua mahali, kaa uani jioni mbili au tatu uangalie moshi wa jikoni unaelekea wapi. Moto uwekwe upande ambao cheche hazitaelekea kwenye paa, zizi wala kwa jirani. Eneo la mita mbili kuuzunguka lifagiliwe libaki udongo mtupu, na juu yake pasiwe na matawi wala nyaya za umeme.

Wenye viwanja miteremkoni wasichimbe kingo za mlima ili kupata uwanja wa kuotea moto. Wakazi wa Hanang hawajasahau Desemba 3, 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka mlimani hadi Katesh na vijiji vya jirani na kuua watu zaidi ya 80.

Kuni za kutumia

Kuni kavu za mgunga, mgrevilea au mkaratusi huwaka vizuri, mradi ziwe zimeanikwa kwa miezi kadhaa. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo. Mnyaa, unaopandwa sana kama ua wa boma, usichomwe: utomvu wake hudhuru macho na moshi wake huwasha. Mbao zilizopakwa rangi au dawa, plastiki na matairi visiingie motoni kabisa, hasa kama nyama itachomwa hapo.

Pia kuna suala la misitu. Msitu wa Nou na ule wa Mlima Hanang ni vyanzo vya maji vinavyotegemewa na maelfu ya watu. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia mwaka 2034. Anayependa moto wa jioni afikirie kupanda miti yake mwenyewe na kuwasha moto mdogo. Moto mdogo wa kuusogelea hupasha joto vizuri kuliko mkubwa unaowafanya watu warudi nyuma.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote

Hatari inayoua kimya kimya hutokea baada ya moto wa uani kwisha. Baadhi ya watu huchukua makaa yaliyobaki, au jiko la mkaa, na kuyaingiza chumbani ili walale katika joto. Makaa hayo hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Aliyelala haamki kwa kukohoa. Huzidi kulala hadi kupoteza uhai. Kutoonekana kwa moshi si dalili ya usalama, na kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Kwa hiyo jiko la chuma, kwa kuwa linabebeka, lisivuke kizingiti cha nyumba hata siku moja. Kama nyumba ni baridi, ongeza mablanketi na ziba nyufa. Makaa yabaki nje.

Watoto wadogo na watu wenye kifafa wasiachwe peke yao karibu na moto. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, mayai, mafuta na majivu visipakwe kwenye kidonda.

Kabla ya kulala, moto umwagiwe maji, majivu yakorogwe, kisha yamwagiwe tena hadi yawe baridi kwa kuguswa. Ndoo ya maji au mchanga iwe karibu tangu moto unapowashwa. Ukishindwa kuudhibiti, piga simu 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na waamshe majirani bila kusubiri.